Nchi Nzima Imeshuka, Kwa Mama Kumebaki Juu

Mimi nina hasira za karibu, na hupenda kuniamkia asubuhi kabla sijanywa chai. Kwa hiyo siku kompyuta iliponiambia kwamba magharibi yote ya Kenya imezama sentimita moja na kidogo, jambo la kwanza nililofanya ni kuigombeza kompyuta. Niliizima, nikaiwasha, nikaipa mgongo, nikanywa chai, nikarudi. Nchi ilikuwa bado imezama.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitenge, Busia, upande wa Kenya. Kazi yetu ni kupima jinsi ardhi inavyojisogeza. Setilaiti hupita juu yetu kila baada ya siku kumi na mbili, inapiga mawimbi ya rada chini, mawimbi yanarudi, nayo inayapokea. Ukilinganisha yaliyorudi leo na yaliyorudi safari iliyopita, unajua pahali gani pameinuka na pahali gani pameshuka, hata kama ni kwa unene wa kidole. Wiki hizo tulikuwa na hamu kubwa, kwa sababu tetemeko lilikuwa limepita kule Bonde la Ufa. Huku kwetu liligonganisha sufuria tu, na jirani yetu wa vitenge akakimbia nje na mteja akakimbilia upande wa pili na kitenge. Tulitaka kujua ule ufa wenyewe umeteleza kiasi gani, upande huu na upande ule.

Sasa, kupima ardhi ni kama kupima urefu wa mtoto. Lazima umsimamishe kwenye ukuta ambao haukui. Sisi pia tulihitaji pahali pamoja pasiposogea, ili kila pengine papimwe kutoka hapo. Ukipakosea hapo, umekosea kila kitu. Mkubwa wetu alipouliza tupachague wapi, mimi niliinua mkono kabla hajamaliza swali. Nikasema, kwa mama yangu.

Sikuwa natania. Mama anaishi Kwapa, upande wa Uganda, na mwamba ulio chini ya boma lake ni wa kale mno, umechoka kusogea zamani. Nilisema hata kuku wa pale hawapendi kutembea. Mkubwa alicheka, tukaenda. Tulimwaga jukwaa la saruji, refu kama kitanda cha mtu mmoja, maana tulitaka uzito. Juu yake tukafunga kwa boliti nne kitu chetu: mabati matatu mazito yaliyounganishwa kama kona ya chumba, mdomo ukitazama mbinguni. Rada ikiingia mle hurudi ilikotoka, kwa hiyo kwenye picha ya setilaiti boma la mama likawa nukta nyeupe inayong'aa kuliko mji mzima wa Tororo.

Mama alikiita dishi. Wiki nzima ya kwanza alinipigia simu kuuliza mpira unaanza lini. Nilipomweleza kwamba dishi hili halionyeshi kitu, linaonekana tu, aliuliza, "Sasa mimi napata nini?" Nikamwambia, Mama, wewe ndiye mlinzi wa pahali ambapo nchi zote hizi zinapimiwa. Hilo lilimwingia. Nilimfundisha kupima kwa kamba kama mabati yameinama vizuri, akawa anapima kila Jumamosi na kunipa taarifa kama askari.

Na hapa lazima niseme ukweli, ingawa haunipendezi. Tangu siku ile tulipomwaga saruji, sikurudi nyumbani. Mwaka ukapita, na miezi mitano juu. Kutoka Busia hadi Kwapa ni saa moja na nusu kwa boda, ukimhesabu na polisi wa barabarani. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa na kazi. Na kila siku kumi na mbili picha mpya ilipoingia, nilikuwa naikuza mpaka Kwapa, naiona nukta ya nyumbani inang'aa, nafurahi kwelikweli. Niliwaambia wenzangu, "Mimi namwona mama yangu mara mbili kwa mwezi, nyinyi je?" Nilijiona mtoto mwema kupita kiasi.

Simu zake pia nilizipokea. Niliweka spika, simu nikailaza karibu na kibodi, nikaendelea na kazi yangu. Mama alisema mambo ya mbuzi, mambo ya wimbi, ule ulezi wa shambani, mambo ya akina mama wa kanisa na saruji, mambo ya meno. Mimi nilisema, "Sawa Mama. Sawa. Sawasawa." Mtu anaweza kusema sawa mara arobaini bila kusikia neno hata moja, mimi ni shahidi.

Basi, Jumatatu hiyo ya nchi kuzama, mkubwa wetu alikuja nyuma ya kiti changu. Ni mtu wa Bungoma, mpole, mwenye tabia mbaya ya kuwa sahihi kila mara.

"Hii ni nini sasa?" akauliza.

"Ardhi imeshuka."

"Wapi?"

"Kote."

Akainama karibu na kioo. "Busia imeshuka?"

"Imeshuka."

"Malaba? Mukuju? Ule mwamba wa Tororo? Wacha! Hata huu mwamba?"

"Hata mwamba."

"Na hapa pamebaki juu ni wapi?"

"Kwa mama," nikasema.

Alivuta kiti akakaa, akavua miwani. "Dada, hebu nielewe poa. Kenya yote imedidimia, Uganda yote imedidimia, Bonde la Ufa pande zote mbili limedidimia. Ni kwa mathako, mama yako, peke yake ndiyo dunia imebaki pahali pake?"

Wenzangu wawili walikuwa wameacha kufanya kazi muda mrefu. Mmoja alisema labda mama ameokoka na wengine wote bado. Sikucheka. Nilikasirika mpaka masikio yakapata joto.

Mtu mwenye akili angesema mara moja: kama kila kitu kimeshuka kiasi kilekile isipokuwa kimoja, basi ni hicho kimoja kilichopanda. Mkubwa alisema hivyo hivyo. Mimi nilisema haiwezekani. Nilimweleza kwa sauti isiyofaa kwa mkubwa kwamba boma lile nalijua, nimezaliwa pale, halisogei. Nikasema ni mvuke wa hewa, maana mvuke ukiwa mwingi huchelewesha mawimbi. Nikasema ni mvua. Nikalisingizia Ziwa Victoria, ambalo liko mbali na halina hatia.

"Ni hivi," akasema. "Ijumaa wageni wanakuja kuchukua ripoti ya ufa. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, na hiyo ripoti ndiyo itasema kama utapewa mwingine. Siwezi kuwaambia watu nchi mbili zimezama. Panda boda uende ucheki."

"Naweza kuangalia kutoka hapa."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Yangu ni ya setilaiti," nikasema, nikarudi kwenye kompyuta.

Jumatatu yote nilipambana na mvuke. Jumanne nilipambana na mvua. Jumatano asubuhi nchi ilikuwa imezama palepale, na nikaanza kuona kibarua changu kinaota nyasi, nyasi ndefu za kufichia ng'ombe. Nikavuka mpaka, nikapanda boda, nimenuna njia nzima.

Boda aliniacha njiapanda, kwenye kibanda cha mama anayeuza mandazi. Mama huyu ananijua tangu nikiwa navaa kaptura za kaka yangu. Nilimsalimu kwa Kiteso, "Yoga noi!" Alikuwa ameshika mwiko wenye mandazi mawili, akanitazama, mandazi yakaanguka moja moja kwenye vumbi. Kisha akaingia ndani ya kibanda na kufunga mlango. Kibanda chenyewe hakina ukuta wa nyuma, kwa hiyo nilimwona akitokea upande wa pili anakimbia.

Nikadhani labda ni lile deni la sabuni la utotoni. Nikaokota begi langu, nikaendelea.

Mbele kidogo nilikutana na jirani yetu wa karibu, mzee wa kanisa aliyenifundisha kusoma saa. Alikuwa na baiskeli na gunia la mahindi. Aliponiona aliisimamisha baiskeli kati yetu kama ukuta.

"Simama hapo," akasema. "Wewe ni mtu?"

"Mzee, shikamoo. Ni mimi."

"Mimi najua ni wewe. Mimi nauliza kama wewe ni mtu."

"Mzee, kwani kuna nini?"

"Kanyaga pale." Alinyoosha kidole kwenye udongo laini kando ya njia, mvua ilikuwa imenyesha jana yake. "Kanyaga nguvu, alafu toka."

Nilikanyaga. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na njaa, na sikuwa na nguvu za kubishana. Mzee aliizunguka baiskeli, akachuchumaa, akaitazama alama ya kiatu changu. Akatia kidole ndani kupima kina chake. Miaka yote hii ninalipwa kupima jinsi ardhi inavyobonyea, na sasa nimesimama njiani Kwapa, mtu ananipimia.

"Imeingia," akasema hatimaye, uso umelegea. "Iko na uzito. Wewe iko mtu." Kisha machozi yakamtoka, akanishika mikono yote miwili. "Mtoto yangu, sisi nazika wewe Desemba hii imeisha juzi."

Nilimwuliza arudie. Akarudia. Akaongeza kwamba ilikuwa ibada nzuri, na nyimbo zilitoka vizuri kuliko zile za marehemu dereva wa lori.

Huku kwetu wafu tunawazika nyumbani, uani, na kaburi linasakafiwa kwa saruji. Kila mwaka kabla ya Krismasi akina mama wa kanisa hupita boma kwa boma wakisaidia kufagia makaburi na kupiga plasta yaliyopasuka, maana si vizuri Krismasi imkute marehemu wako akiwa katika hali mbaya. Mimi hayo nayajua tangu mdogo, nimebeba maji ya plasta mara nyingi. Lakini sikuwahi, hata siku moja, kukiangalia kile kitanda chetu cha saruji kwa macho ya jirani. Watu wa mbali walikuja na gari, wakachimba, wakamwaga saruji urefu wa mtu mzima, wakaondoka. Na tangu siku hiyo, binti wa boma hilo hakuonekana tena.

"Na dishi?" nikamwuliza mzee, tukitembea. "Dishi mlidhani ni ya nini?"

"Wewe alikuwa mtu ya kompyuta," akasema kwa heshima. "Sisi tunasema, watu ya kompyuta nazikwa hivyo."

Alinisindikiza mpaka nyumbani, akiwatangazia wote tuliokutana nao kwamba amenipima na nina uzito. Mmoja alitikisa kichwa akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku hiyo sikuipenda methali hiyo hata kidogo.

Mama alikuwa anaanika wimbi kwenye turubai. Hakushtuka. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, vyenye tope la kupimiwa.

"Leo umekumbuka njia," akasema.

Macho yangu yalikuwa yameshakwenda uani. Jukwaa letu la saruji la kijivu halikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na kaburi zuri kuliko yote ya Kwapa. Lilikuwa limepigwa plasta mpya, laini, likapakwa rangi nyekundu ya sakafu, pembeni kumepangwa vipande vya sahani za maua. Kila kona palipandwa ua. Juu yake, dishi langu limesimama safi, limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa.

Nilitoa rula kwenye begi. Ndiyo, kabla ya kumkumbatia mama yangu nilitoa rula, nikapiga magoti, nikatafuta pahali plasta ilipomeguka ukingoni, nikapima unene wake. Milimita kumi na tatu. Setilaiti ilikuwa imesema kumi na mbili, kutoka huko juu mawinguni. Nilirukaruka pale kaburini kwangu nikipiga kelele kwa furaha. Jirani aliyekuwa amefika kuhakikisha kama nina uzito aliondoka haraka.

"Nani amefungua boliti?" nikauliza.

"Fundi wa kanisa," Mama akasema. "Yeye nafungua boliti nne, napiga plasta, narudisha. Mimi nasimama hapo na kamba, napima mara tatu. Dishi naangalia vile ilikuwa inaangalia. Haijasogea hata kidogo."

"Imepanda, Mama."

"Kupanda si kusogea. Wewe ulisema isigeuke. Haijageuka."

Sasa ile hasira yangu ikapata pa kutokea. Nikamwambia ameiharibu kazi yangu. Nikamwambia nchi mbili zimezama kwa ajili yake. Nikamwambia mkataba, nikamwambia Ijumaa, nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia," akasema. "Kwa simu. Nikakuambia, akina mama ya kanisa nakuja na saruji, nasema wewe umekufa, nifanye nini? Wewe ukasema, sawa Mama. Nikauliza, sawa wapige? Ukasema, sawasawa."

Nikairudisha rula kwenye begi.

"Lakini ungewaambia mimi niko hai!"

"Mimi naambia wao. Naambia mara ya kwanza, mara ya pili. Wao nauliza mimi, kama iko hai, iko wapi? Mimi nasema, iko Busia." Aliachia wimbi litiririke kutoka mikononi. "Wao nasema, mama, pole. Busia ni hapa tu. Mtu iko hai Busia, na hii ni Krismasi ya pili haikuji? Wao nafikiri uchungu naharibu kichwa yangu. Wao nalia pamoja na mimi. Basi nasema, pigeni hiyo plasta."

Neno lililonitoka lilikuwa la kijinga kuliko yote.

"Mama, mimi nilikuwa nakuona. Kila siku kumi na mbili. Kwenye picha, hapa hapa, nakuona unang'aa."

Mama aliligonga dishi kwa kidole. Likalia kama sufuria tupu.

"Ulikuwa naona bati," akasema.

Nililia. Sina haja ya kulipamba. Nilikaa juu ya kaburi langu lenye sahani za maua, nikalia kama mtu aliyefiwa, na Mama akaniacha nilie mpaka wimbi lote likaanikwa. Kisha akasema ninakalia ua.

Habari ilikuwa imefika kanisani. Kabla ya saa kumi akina mama walikuwa wamejaa uani, wengine wakinikumbatia, wengine wakinifinya kwanza. Yule wa mandazi alikuja wa mwisho, na mandazi mapya, akanipa kwa ncha ya mwiko. Mwenyekiti wao alisema wao wamebeba maji, wamechanga saruji, wameimba, na katika mazishi yale hawakulishwa chochote, wakavumilia kwa sababu ya msiba. Sasa kwa vile hakuna msiba, wanadai chakula chao. Nilinunua mbuzi. Tulikula na atap, ugali wetu wa wimbi, kando ya kaburi, na wakaniimbia tena zile nyimbo ili nisikie nilichokikosa. Mzee hakudanganya, zilikuwa nzuri.

Alhamisi nilirudi ofisini, nikaongeza zile milimita za plasta kwenye hesabu. Nchi mbili zikapanda zikarudi mahali pake kwa mpigo mmoja. Na kule Bonde la Ufa, baada ya kosa hilo kuondoka, ule ufa ukaonekana vizuri: upande mmoja umeteleza kidogo sana, upande wa pili umetulia. Ripoti ilikwisha usiku haujaingia. Kulikuwa na kisanduku kimoja tu cha kujaza, kinachouliza sababu ya pointi kuu kusogea. Niliandika, "Waombolezaji." Mkubwa alisoma, akavua miwani, akalaza kichwa mezani, mabega yakawa yanatikisika. Ijumaa aliwasomea wageni kwa sauti. Mkataba nilipewa.

Wageni waliuliza kama plasta itabomolewa. Nilimpigia Mama kuuliza, bila spika. Alisema hakuna mtu atakayebomoa kaburi la binti yake. Kwa hiyo tulibadilisha kimo kwenye vitabu, na mpaka leo nchi zote hizi zinapimiwa kutoka hapo.

Tangu hapo ninaenda kila siku setilaiti inapopita, nasimama kando ya dishi na Mama anashika kamba. Ofisini nimesema ni ukaguzi. Mwezi uliopita mvua ilikuwa kubwa, kazi ikanizidi, nikasema nitaenda safari ijayo. Saa nne asubuhi simu ikalia, alikuwa Mama.

"Leo si siku ya dishi?" akauliza.

"Mama, leo kuna kazi kidogo..."

"Sawa," akasema. "Sawasawa. Ni hii tu, akina mama wa kanisa wako hapa kwa mlango. Wao nauliza kama walete saruji."

Nilifunga kompyuta, nikashuka kutafuta boda.